Maltese wa kilo tatu mjini Arusha: wapi pa kumpeleka, nini cha kununua

Maltese, mbwa mdogo mweupe wa manyoya marefu, akikomaa ana kilo 3 hadi 4. Bidhaa na huduma nyingi za mifugo mjini Arusha zimepangwa kwa ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa wa ulinzi mwenye kilo 30 na zaidi. Hiyo peke yake inaeleza nusu ya matatizo yanayowapata mbwa hawa wadogo: ugonjwa unaweza kuwa wa kawaida na dawa ikawa sahihi, lakini kipimo kikamuua. Kwa hiyo maduka, kliniki, wataalamu wa kuja nyumbani na vifaa vya sokoni tumevitazama hapa kwa swali moja: je, mhudumu anajua mbwa huyu ana gramu ngapi, na je, ana chombo cha kupimia dozi ndogo namna hiyo?

Majina ya maduka na kliniki hatuyataji. Wahudumu huhama, na aliyekuwa hodari Sakina mwaka jana leo yuko Usa River. Tunataja vitu vya kuangalia ukishaingia mlangoni.

Kabla ya dawa yoyote, nunua mizani ya jikoni ya dijitali inayobeba hadi kilo 5 au 10. Weka beseni juu yake, irudishe kwenye sifuri, mweke mbwa ndani. Mizani ya sakafuni iliyopo kwenye kliniki nyingi hurukaruka kwa gramu 100, na kwa kitoto cha kilo 1 hiyo ni asilimia 10 ya mwili wake. Mtoto apimwe kila wiki, mkubwa kila mwezi. Mbwa wa kilo 3 akipungua gramu 150 amepoteza asilimia 5, na kwa manyoya yale marefu huwezi kuliona hilo kwa macho.

Maduka ya dawa za mifugo

Maduka ya katikati ya mji, kuanzia Soko Kuu hadi Kilombero, yana bei nafuu na bidhaa hupatikana. Shida ni kwamba kila muuzaji huitwa dokta, awe amesomea au hajasomea, na ukisema tu "mbwa ana kupe" unapewa kile kile alichopewa mfugaji wa Ngaramtoni aliyekutangulia kwenye foleni.

Chukua mfano wa ivermektini, dawa ya minyoo na utitiri. Chupa inayouzwa sana ni ya asilimia 1, yaani miligramu 10 kwa kila mililita, na kwa ng'ombe hutumika mililita 1 kwa kilo 50. Ukipiga hesabu hiyo hiyo kwa Maltese wa kilo 3 unapata mililita 0.06. Bomba la sindano la mililita 5 lina mistari ya 0.2, kwa hiyo hata mstari wake wa kwanza unazidi dozi hiyo zaidi ya mara tatu. Anayekosea nukta akavuta 0.6 amempa mbwa miligramu 2 kwa kila kilo, na hapo ndipo zinapoanza dalili za sumu: mboni kutanuka, kuyumba, kutetemeka, kutoona, kuzimia. Bomba la sindano la mililita 1 ndilo lenye mistari ya 0.01. Hata hivyo uamuzi wa kuitumia ni wa daktari aliyemwona mbwa na kujua anatibu utitiri wa aina gani. Chupa ya kupeleka nyumbani hatuipendekezi hata kidogo.

Amitrazi ya kuogeshea ng'ombe, ile ya asilimia 12.5, huchanganywa mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Watu wengi hupima kwa kifuniko cha chupa. Kifuniko kinachobeba mililita 10 kwenye lita moja kinatoa mchanganyiko mkali mara tano. Manyoya ya Maltese hushika maji hayo kwa muda mrefu, naye hujilamba. Kinachofuata ni usingizi mzito, mapigo ya moyo kushuka, mwili kupoa na sukari ya damu kupanda. Kwa mbwa wa ukubwa huu zipo njia salama zaidi za kuua kupe, kwa hiyo bidhaa hii tunaipa sifuri, ingawa kwa ng'ombe ni nzuri sana.

Njia hizo salama ni tatu. Fiproni ya kupuliza, asilimia 0.25, hutumika mililita 3 hadi 6 kwa kilo. Chupa ya mililita 100 hutoa nusu mililita kwa kila mbonyezo, kwa hiyo mbwa wa kilo 3 anahitaji mibonyezo 18 hadi 36, ikisuguliwa hadi kwenye ngozi kwa glavu. Watu hubonyeza mara tano juu ya manyoya kisha wanalalamika kwamba dawa ni feki. Fiproni ya matone huja katika kifuko cha mililita 0.67 kwa mbwa wa kilo 2 hadi 10. Maduka mengine hununua kifuko cha mbwa mkubwa na kukigawa kwenye mabomba ya sindano. Usikubali, kwa sababu hujui kilichomo, tarehe ya mwisho wala kipimo. Pia matone haya hukaa kwenye mafuta ya ngozi, na Maltese ndiye mbwa anayeogeshwa kuliko wote mjini. Sabuni siku mbili kabla au siku mbili baada ya kupaka huharibu kazi yake, na kuogesha kila wiki hupunguza muda wake.

Kwa sababu hiyo ya kuoga, chaguo letu la kwanza ni vidonge vya kutafuna vya kundi la afoxolaner au fluralaner, visivyooshwa na maji. Soma boksi. Kifungashio cha mbwa wadogo huanzia kilo 2, na umri wa chini ni wiki 8. Aliye chini ya kilo 2 hapewi. Mbwa mwenye historia ya kifafa au kutetemeka asipewe bila daktari kuamua, na Maltese ni miongoni mwa aina zenye magonjwa ya ubongo, likiwemo tatizo la kutetemeka mwili mzima linalowapata mbwa weupe wadogo wakiwa vijana.

Dawa ya minyoo haina makuu. Vidonge vyenye prazikwanteli, piranteli na febanteli hutolewa kimoja kwa kilo 10, na mbwa wa kilo 3 hadi 5 hupata nusu. Levamisoli ya mbuzi iache dukani.

Duka la dawa za binadamu, ambako watu hukimbilia usiku

Kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kwa mbwa wa kilo 3 ni miligramu 167 kwa kilo, kiasi cha kuharibu ini. Ibuprofeni ya 200 ni miligramu 67 kwa kilo, ya kutoboa tumbo na kuumiza figo. Diklofenaki usiifikirie.

Matone ya macho ndiyo mtego mwingine. Maltese hutokwa machozi na kuacha michirizi ya kahawia chini ya macho. Rangi hiyo ni ya kawaida inayotoka kwenye machozi yenyewe, na kitambaa cha maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku kinatosha. Lakini jicho moja likifumbwa, likawa jekundu au kuwa na ukungu, huenda kuna kidonda kwenye kioo cha jicho. Matone mengi ya dukani huchanganya dawa ya bakteria na deksamethasoni, ambayo ni steroidi ya kupunguza uvimbe, na deksamethasoni juu ya kidonda hukifanya kichimbike hadi jicho kupasuka. Kliniki nzuri huweka kwanza karatasi ya floreseini. Penye kidonda panang'aa kijani, na kazi hiyo ni ya dakika mbili. Kliniki isiyo na karatasi hizo isikuandikie matone ya jicho.

Kliniki

Hapa ndipo tofauti zilipo kubwa. Uchunguzi wa kawaida wa Maltese hauhitaji mashine yoyote, kwa hiyo anayekwambia hana vifaa hana kisingizio. Daktari ampime uzito, asikilize moyo, ashike magoti yote mawili, afungue mdomo, aguse utosi, na kwa dume ahesabu kende. Kende ambayo haijashuka akifika miezi 6 huenda isishuke tena, na iliyobaki tumboni ina hatari ya kuja kuota uvimbe.

Moyo usikilizwe juu, ndani ya kwapa la kushoto. Hapo ndipo unapovuma mshipa ambao kitoto hutumia kikiwa tumboni mwa mama, usipojifunga baada ya kuzaliwa, na mvumo wake hauna pumziko kati ya pigo na pigo. Akisikiliza upande wa chini tu anaukosa. Kitoto chenye tatizo hilo kisipotibiwa, moyo huchoka mapema. Kwa mbwa wazee mvumo ni wa valvu iliyochakaa. Mwenye mbwa wa aina hiyo ahesabu pumzi akiwa amelala fofofo. Zikizidi 30 kwa dakika, siku baada ya siku, asisubiri miadi.

Goti: pia ya goti husukumwa kwa kidole. Daraja la 1 hutoka ikisukumwa na kurudi yenyewe, la 2 hutoka na kurudi kwa nyakati zake, la 3 hukaa nje ila inarudishwa kwa mkono, la 4 hairudi. Nyumbani utamwona anakimbia, anainua mguu wa nyuma hatua mbili tatu, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Daraja la 1 hutunzwa kwa uzito mdogo na mazulia juu ya vigae, ambavyo nyumba nyingi za Njiro zimewekewa hadi jikoni. La 3 na la 4 mara nyingi huhitaji upasuaji, na baada yake wiki 6 hadi 8 za kutoruka. Daktari anayependekeza kisu bila kutaja daraja, mwombe ataje.

Meno yanastahili aya yake, kwani ndiyo huwapeleka Maltese wengi chini ya nusu kaputi. Meno ya utoto ni 28 na ya ukubwani ni 42, yote katika taya fupi kama kidole gumba. Chonge la utoto lisipong'oka, la ukubwani huota ubavuni mwake, chakula hunasa katikati, na fizi huoza mapema. Akifika miezi 7 na bado ana chonge mbili mahali pamoja, ling'olewe, na ni busara lifanyike siku hiyo hiyo ya kuhasiwa. Kukwangua ukoga akiwa macho kunampendeza mwenye mbwa tu, kwa sababu uozo uko chini ya fizi na chombo hakifiki.

Kabla ya kukubali nusu kaputi, uliza mambo haya. Wana bomba la kupumulia la milimita 3 hadi 4? Wana kanyula, yaani mrija wa kuingiza mshipani, ya namba 22 au 24? Anapashwa joto kwa kitu gani? Mwili wa kilo 3 hupoa haraka sana mezani, na Juni na Julai chumba cha upasuaji hapa ni baridi hata kwa daktari. Chupa za maji ya moto zilizozungushiwa taulo zinafaa, bali chupa iliyogusana na ngozi itaunguza. Anakaa na njaa saa ngapi? Jibu la "tangu jana jioni" ni la mbwa mkubwa. Maltese mzima mwenye afya hukaa saa 4 hadi 6, na aliye chini ya kilo 2 saa 1 hadi 2 tu, maana sukari yake itashuka kabla kisu hakijagusa ngozi. Kliniki inayojibu bila kubabaika tunaipa alama zote, hata kama viti vya mapokezi vimechanika.

Kuhusu sukari hiyo: watoto wa chini ya miezi 4 ndio wanaoanguka ghafla, hasa wiki ya kwanza baada ya kununuliwa, asubuhi yenye baridi. Kitoto huyumba, hulegea, fizi hupauka, au hutetemeka. Paka asali au glukosi iliyokorogwa kwa maji kidogo, kama mililita 1, kwenye fizi. Usimimine mdomoni mwa asiyejitambua, itaingia mapafuni. Mfunike, mpeleke. Kipima sukari cha binadamu kinatosha kwa dharura: chini ya 3.3 mmol/L ni hatari. Kinga yake ni milo 4 hadi 6 kwa siku, wa mwisho kabla ya kulala. Muuzaji wa watoto anayekukabidhi Maltese wa wiki 6 huku akikwambia "anakula mara mbili" amekuuzia matatizo.

Homa ya kupe

Fizi nyeupe au za njano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, uvivu, kukataa chakula. Babesia (kimelea cha damu) na Ehrlichia canis (bakteria) zote zinaletwa na kupe, na tiba zake ni tofauti, kwa hiyo damu itazamwe. Tone kutoka ncha ya sikio kwenye kioo, rangi ya Giemsa, hadubini. Kliniki yenye hadubini inayotumika kweli, isiyofunikwa kitambaa, ina thamani kuliko yenye mashine kubwa iliyokaa bila kemikali zake. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una kituo chake Arusha, na daktari makini hujua sampuli ipi aipeleke kule.

Dozi ndiyo kazi. Kwa Babesia, diminazini iliyochanganywa kuwa miligramu 70 kwa mililita, kwa miligramu 3.5 kwa kilo, ni mililita 0.15 kwa mbwa wa kilo 3. Kuzidisha huvujisha damu kwenye ubongo. Daktari akichomoa bomba la mililita 5 kwa kazi hii, msimamishe kwa heshima: "Daktari, samahani, hatuna bomba dogo?" Kwa Ehrlichia, doksisaiklini ni miligramu 10 kwa kilo kwa siku, kwa siku 28. Kapsuli ya 100 haigawanyiki kuwa 30 kwa kukisia unga kwenye kijiko. Omba kidonge kinachokatika au dawa ya maji, na kila baada ya kumeza apewe maji au chakula, kwani kidonge kikikwama huunguza umio.

Mtaalamu wa kuja nyumbani

Kwa chanjo, huduma hii inafaa sana: kitoto hakikai benchi moja na mbwa wanaoharisha. Ratiba ya kawaida ni wiki 6 hadi 8, kisha kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa kuanzia wiki 12. Hapa kanuni ya kilo haifanyi kazi: chanjo hutolewa dozi nzima, na anayekupunguzia nusu "kwa kuwa ni mdogo" anakuachia mbwa asiyekingwa. Mbwa wadogo hupata mzio zaidi, kwa hiyo chanjo ya kichaa itengwe na nyingine kwa wiki kadhaa, na mtaalamu abaki nusu saa kuona kama uso unavimba. Tazama pia anachobebea chanjo. Chanjo hukaa nyuzi 2 hadi 8. Mfuko wa rambo wenye chupa ya maji iliyoganda jana, kwenye pikipiki kutoka Tengeru saa saba mchana, hautunzi kitu. Uliza namba yake ya usajili wa Baraza la Veterinari, lililopo kwa Sheria ya mwaka 2003. Aliyesajiliwa hatakasirika.

Ini

Maltese wengine huzaliwa na mshipa unaolikwepa ini, damu ya utumbo ikapita bila kusafishwa. Ni yule mdogo kuliko ndugu zake, anayezubaa, kuzungukazunguka au kusukuma ukuta kwa kichwa saa chache baada ya kula nyama, au anayechelewa mno kuamka baada ya nusu kaputi. Kipimo ni asidi za nyongo, kabla ya kula na saa 2 baada ya kula. Tahadhari ambayo kliniki nyingi hazitaji: Maltese wenye afya kabisa huweza kuwa na asidi hizo juu kidogo, kwa hiyo namba pekee haitoshi. Inahitajika ultrasaundi ya mtu anayejua anachotafuta. Kliniki inayotangaza upasuaji kwa karatasi moja ya majibu, ondoka. Inayoanza na chakula chenye protini ya wastani na dawa ya maji ya laktulosi huku ikikuandikia barua ya rufaa, baki nayo.

Vifaa na chakula

Kola ya ngozi au mnyororo havimfai. Bomba la hewa la mbwa hawa lina pete laini ambazo hubonyea, na dalili yake ni kikohozi kikavu kinachozidi akivutwa au akifurahi. Nunua mkanda wa kifuani, ule ambao kamba inafungwa mgongoni, vidole viwili vikiingia chini yake. Jiko la mkaa lisiwe chumba kimoja naye.

Chakula kikavu cha wastani wa kilokalori 3,500 kwa kilo: Maltese mzima wa kilo 3 anahitaji takribani gramu 70 kwa siku, zikigawanywa mara mbili. Chakula kinachofunguliwa gunia na kupimwa kwa kopo hupoteza ubora na huna tarehe yake, kwa hiyo nunua pakiti ndogo iliyofungwa. Mafuta ya nyama choma huamsha kongosho, na mifupa ya kuku ni ya jalalani. Mswaki wa mtoto mchanga unafaa, kwa maji matupu. Dawa ya meno ya binadamu ina floridi na wakati mwingine zailitoli, ambayo kwa mbwa hushusha sukari na kuua ini.